Njia ya Kuingilia

Diski ya zamani ilijaa hadi shingoni,
gigabaiti mia mbili na hamsini za viwanja vya watu:
Makabe, Kibada, Chamazi,
bikoni zilizong'olewa usiku, kesi tatu za mpaka,
na picha za harusi yetu ambazo Nuswe ananidai
tangu mwaka ule maji yalipopita juu ya daraja la Jangwani.

Nikanunua kubwa, Mtaa wa Aggrey. Terabaiti moja.
Muuzaji akaifuta vumbi kwa pindo la shati:
"Hii, mzee, huijazi mpaka unastaafu."
Nikacheka. Nimebakiza miaka minne.

Usiku nikaongeza umeme wa elfu kumi,
nikachomeka waya, nikaanza kuhamisha.
Asilimia tatu. Chai. Asilimia tano.
Mbu wa Tabata wakanikagua kama watu wa mapato.
Saa saba na nusu kioo kikasema tayari,
nami kwa pupa nikafungua skrubu nane
(saba zilirudi, moja hadi leo iko chini ya friji),
nikatoa ndogo, nikapachika kubwa,
nikabonyeza.

Giza.
Kisha kistari cheupe, juu kushoto,
kinapepesa, kinapepesa,
kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyoelekezwa
na ndani hakuna anayeitika.

Nikazima, nikawasha. Nikazima, nikahesabu ishirini.
Nikatoa betri, nikapuliza.
Nikaisemesha Kinyakyusa,
lugha niliyoibakiza kwa ajili ya ng'ombe na hasira.
Nuswe, kutoka kitandani: "Si urudishe ile ya zamani?"
Nikairudisha. Ikawaka papo hapo, bila kinyongo.
Basi mashine ni nzima, nikajua.
Ugonjwa ni wa kuhama.

Fundi anaitwa Sikudhani, binti wa Kizaramo,
meza yake iko chini ya ngazi, Kariakoo,
nusu yake amempangisha muuza kava za simu.
Hakuuliza diski ni shilingi ngapi.
"Ulinakili vipande vyote?"
Vyote, nikasema. Nyaraka, picha, programu.
Akanigeuzia kioo: diski ya zamani imechorwa kwa mistari,
nami nikaiona ilivyo. Ramani.
Kiwanja, kiwanja, kiwanja kikubwa,
na mwanzoni kabisa kipande cha megabaiti mia,
hakina nyumba, hakina jina.

"Hiki umekiacha."
"Nilidhani hakina kitu."
"Ndiyo njia hiyo, mzee. Ikiamka inapita hapa kwanza."

Miaka ishirini na sita nimesimama juani na darubini
nikiwaambia watu: acheni mita sita za barabara.
Ndiyo mpimaji, wanasema. Ndiyo, baba.
Nikirudi, ukuta umekutana na ukuta,
na siku ya msiba jeneza linapitishwa kiubavu,
waombolezaji wanafuata mmoja mmoja, kama siafu.
Nami nikirudi ofisini nilikuwa nawaita wabishi.

Akakinakili. Haikuwaka.
Nikamtazama. Hakunitazama.
"Bado inaulizia namba ya ile ya zamani.
Umehama, hujamwambia mtu."
Akaandika mistari miwili, mitatu, herufi nyeupe,
akafuta namba moja ndefu, akaweka nyingine ndefu vilevile,
akaingia kwenye ile menyu ya buluu,
akaipandisha diski mpya juu ya orodha.
Akabonyeza, akaenda kununua vitumbua.

Ikawaka yenyewe tu. Mashahidi: mimi na muuza kava.
Makabe ipo. Kibada ipo. Nuswe yupo, amevaa shela,
anacheka na mtu aliye nje ya picha.

Nikahesabu nafasi. Mia mbili na hamsini, ileile.
"Na zile mia saba na kitu nilizolipia?"
Sikudhani akalamba sukari kidoleni.
"Zipo, mwishoni kule. Pori. Hazijapimwa."
Kisha, kwa mara ya kwanza, akanitazama usoni:
"Kwani wewe unafanya kazi gani?"